Soriasisi, Choa au Ukurutu: Kulinganisha Mabaka Yanayofanana Kabla ya Kuchagua Dawa

Kwa miaka miwili kiwiko changu cha kushoto kilitibiwa choa ambacho hakikuwapo. Baka lilianza dogo, lisilozidi sarafu ya shilingi mia mbili, gumu kidogo likiguswa na lenye unga mweupe uliokuwa ukidondoka juu ya mkono wa shati langu jeusi. Muuzaji wa duka la dawa alilitazama kwa mbali, akasema ni mashilingi, yaani choa, akanipa krimu ya fangasi. Mwezi ulipopita bila nafuu nilipewa krimu nyingine iliyochanganywa dawa tatu, na hiyo ilinifurahisha sana, kwa kuwa baada ya siku sita baka lilikuwa limenywea; nilipoiacha, lilirudi likiwa pana kuliko mwanzo na likaja na mwenzake kwenye goti. Mtaalamu wa ngozi niliyemwona hatimaye hakuanza na kiwiko. Aliomba vidole vyangu, akavigeuza kuelekea mwanga wa dirisha, akaniuliza tangu lini kucha zangu zina vishimo. Sikuwa nimeviona. Vilikuwa saba kwenye ukucha wa kidole cha shahada, vidogo kama vile vya subana ya fundi cherehani.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyesimama leo mbele ya kaunta ya dawa akiwa na baka asilolijua jina. Magonjwa yanayotoa mabaka yenye magamba ni mengi, lakini yanayochanganywa na soriasisi mara kwa mara hapa kwetu ni choa, ukurutu na mba, na mara chache zaidi, ila kwa hatari kubwa zaidi, kaswende na ukoma. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya mmoja huweza kuuchochea au kuuficha mwingine, ndiyo maana jina la baka linapaswa kujulikana kabla ya tyubu kufunguliwa. Ulinganisho huu hauwezi kushika nafasi ya uchunguzi wa daktari. Unamsaidia mtu kuamua kama dukani panatosha, au aende zahanati, au asisubiri hata siku moja kumtafuta mtaalamu.

Soriasisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Ngozi ya kawaida hujijenga upya kwa muda wa mwezi mmoja hivi, chembe zikizaliwa chini na kupanda polepole hadi zinapopukutika bila mtu kuziona; kwa mwenye soriasisi kinga huisukuma ngozi kumaliza safari hiyo kwa siku 3 hadi 5, na chembe ambazo hazijakomaa hurundikana juu zikawa magamba. Hakuna fangasi ndani yake, wala mdudu, wala hiyo "damu chafu" tunayoambiwa kuwa inatafuta mahali pa kutokea, na mtu hawezi kuupata kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja au kujifutia taulo la mgonjwa. Huelekea kutembea katika ukoo, ingawa si kila mtoto wa mgonjwa huugua, na huweza kuanza umri wowote, wengi wakianza ujanani na wengine wakiwa wamekaribia au kupita miaka 50. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliutambua kuwa ni ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na wa kulemaza, usio na tiba ya kuumaliza kabisa. Dawa za kuutuliza zipo, nyingine kwa miezi na hata miaka, mradi tu zitumike kwa ugonjwa wenyewe.

Kinachowapotosha wengi, wakiwemo baadhi ya watoa huduma, ni rangi. Picha nyingi za vitabu vya tiba zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, na mwanafunzi akazizoea: baka jekundu lenye magamba yanayong'aa kama fedha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo humezwa, na baka huonekana la zambarau iliyokolea, la kahawia ya buni iliyokaangwa, au la kijivu kama majivu ya jikoni. Likipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa miezi mingi, na nimewaona watu wakiendelea kupaka dawa kali juu ya doa ambalo halikuwa na ugonjwa tena. Hapo kidole hujua kuliko jicho: fumba macho, pitisha ncha ya kidole juu ya doa na juu ya ngozi nzima iliyo karibu, na usipohisi mwinuko wala ukavu, kilichobaki ni rangi tu. Kwa sababu hiyo rangi nimeiweka nyuma katika ulinganisho huu, nikatanguliza mpaka wa baka, mahali lilipo, aina ya magamba, muwasho, na jinsi linavyokwenda wiki baada ya wiki.

Choa na soriasisi

Haya mawili ndiyo yanayochanganywa kuliko yote, na ndiyo yaliyokula miaka yangu miwili, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Choa husababishwa na fangasi wanaokula tabaka la juu la ngozi, na wakishamaliza mahali husonga mbele, kama moto wa nyika unaowaka ukingoni na kuacha majivu nyuma yake. Kutokana na mwendo huo huzaliwa umbo la duara linalojulikana na kila mtu: ukingo ulioinuka, wenye magamba na pengine vipele vidogo, huku katikati pakiwa pameanza kupata nafuu. Baka la soriasisi kwa kawaida halina katikati iliyopona. Ni nene kutoka pindo hadi pindo, magamba yakilifunika lote, na mpaka wake umekatwa wazi kiasi kwamba mtu anaweza kuuchora kwa kalamu. Tatizo ni kwamba baka la soriasisi linapoanza kupona huweza nalo kufunguka katikati na kubaki pete, ndiyo maana umbo peke yake halitoshi.

Tazama basi na upande wa pili wa mwili. Soriasisi hupenda ulinganifu: viwiko vyote viwili kwa nje, magoti yote mawili, kiuno kwa nyuma, kuzunguka kitovu, na ngozi ya kichwa. Choa huanguka popote kilipopandikizwa, mara nyingi upande mmoja, shavuni, shingoni, mgongoni au pajani. Tazama pia nyumbani. Choa huambukiza, na mtu mzima mwenye choa mara nyingi ana mtoto mwenye mapunye kichwani, au paka, mbwa au ndama mwenye manyoya yaliyonyonyoka, au taulo moja linalotumiwa na watu watatu. Mwenye soriasisi anaweza kuishi na watu sita kwa miaka kumi asimwambukize hata mmoja.

Kuhusu magamba kuna alama ambayo mtaalamu huitafuta kwa kijiti au kwa ncha butu. Akikwangua taratibu baka la soriasisi, unga hutoka mweupe tabaka kwa tabaka, kama nta ya mshumaa iliyokauka mezani, na akiendelea hadi utando wa mwisho, vitone vidogo vya damu hujitokeza kimoja kimoja. Naeleza ili msomaji ajue kinachofanyika anapochunguzwa, na ninamsihi asijaribu nyumbani. Soriasisi ina tabia, iliyoelezwa katika karne ya 19 na daktari Mjerumani Heinrich Koebner, ya kuota mahali ngozi ilipojeruhiwa: mkwaruzo wa kucha, kovu la kuungua, mstari wa mkanda unaobana, hata chale. Anayejikwangua kila jioni ili kuyaondoa magamba anaipandia soriasisi shamba jipya. Vipele vinavyofuata mstari wa mkwaruzo wa zamani ni dalili inayoielekea zaidi soriasisi kuliko choa.

Sasa krimu. Dawa ya fangasi ya kawaida, kama klotrimazoli isiyochanganywa na kitu, ikipakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, mpaka nje kidogo ya ukingo, huponya choa cha mwilini kisichokuwa kikubwa. Ikipakwa juu ya soriasisi haileti madhara makubwa wala nafuu. Ni kipimo cha haki: baka lililopakwa kwa uaminifu wiki nne bila kubadilika halipaswi kupewa mwezi wa pili wa dawa ileile. Krimu iliyochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria huvuruga kipimo hicho. Steroidi hupunguza uvimbe wa karibu kila ugonjwa wa ngozi kwa siku chache, hivyo kila mtu hudhani amepona. Juu ya choa, steroidi huwanyamazisha walinzi wa ngozi huku fangasi wakiendelea kula; ukingo hufifia, duara hupotea, ugonjwa huenea ukiwa umevaa sura isiyotambulika. Juu ya soriasisi, steroidi kali iliyopakwa kiholela huituliza, na ikiachwa ghafla huirudisha kwa nguvu. Mkorogo wa kujichubua hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali ndani yake, na anayeutumia anapaswa kumweleza mganga hata kama anaona haya, maana bila kujua hilo mganga anatazama sura ya bandia. Steroidi ni dawa halali na nzuri ya soriasisi pale inapoandikwa na anayejua ni ya nguvu gani, mahali gani na kwa wiki ngapi.

Vidonge na sindano za steroidi ni hatari zaidi. Mtu mwenye soriasisi akipewa prednisoloni kwa sababu "ana mzio", kisha akaiacha ghafla, anaweza kuingia katika soriasisi ya usaha au ngozi nzima kuwaka na kubanduka. Nitarudi hapo.

Kinachomaliza ubishi kati ya choa na soriasisi ni kipimo kidogo sana. Magamba ya ukingoni hukwanguliwa, yakawekwa juu ya kioo pamoja na tone la hidroksidi ya potasiamu, na baada ya dakika chache hutazamwa kwa hadubini. Fangasi wakiwapo, nyuzi zao huonekana zikiwa na matawi. Uliza kama kituo chako kinaweza kukifanya. Ni swali lisilo na utovu wa adabu wowote, na lingeniokolea mimi fedha nyingi.

Ukurutu na soriasisi

Ukurutu wa mzio, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi, mara nyingi huanza utotoni, na katika ukoo huohuo hakosekani mtu wa pumu ya kifua au wa mafua yasiyoisha ya vumbi na maua. Kunja mkono wako. Upande wa nje unaochongoka, yaani kiwiko chenyewe, ni wa soriasisi. Mkunjo wa ndani unaokusanya jasho ni wa ukurutu. Vivyo hivyo goti lenyewe na nyuma ya goti. Kanuni hii ni nzuri lakini kwa watu weusi ina matundu, kwa sababu ukurutu kwenye ngozi nyeusi huweza kujitokeza kama vipele vidogo vingi kwenye vinyweleo, na huweza kukaa upande wa nje pia.

Kwa hiyo uliza kuhusu mpaka na maji. Ukurutu hauna mpaka unaokatika. Hufifia taratibu ndani ya ngozi nzima, kama doa la chai kwenye kitambaa. Unapokuwa mkali huvuja majimaji na kufanya gamba la rangi ya asali, na unapokaa muda mrefu hukunja ngozi ikawa nene yenye mistari, nyeusi kuliko jirani yake. Soriasisi ya kawaida haivuji. Ni kavu, na inapopasuka hutoa damu. Muwasho wa ukurutu huja kabla ya kitu chochote kuonekana na huwa mkali usiku, hadi mtoto anaamka akiwa na damu kwenye shuka. Imesemwa mara nyingi kwamba soriasisi haiwashi. Hilo si kweli: neno lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la muwasho, na wengi wetu tunawashwa, hasa kichwani, ila mara nyingi si kwa ukali ule wa ukurutu. Familia nzima ikiwashwa usiku, na vipele vikiwa katikati ya vidole, viunoni na sehemu za siri, fikiria upele ule wa kuambukizana kabla ya yote mawili.

Upo pia ukurutu wa kugusa, na huu una alama ya kitu kilichougusa mwili: mstari wa kamba ya saa, duara la chuma cha kufungia mkanda chini ya kitovu, mikono ya fundi anayekoroga saruji bila glovu, ua la piko lililobaki limevimba mkononi mwa bibi harusi wiki moja baada ya sherehe. Hina safi mara chache huleta shida; piko nyeusi iliyotiwa kemikali ya kupaka nywele rangi huleta. Mahali pagumu kuliko pote ni viganja na nyayo, kwani hapo soriasisi na ukurutu hufanana kwa ugumu, mipasuko na maumivu, na hata mtaalamu wakati mwingine hulazimika kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara. Wanaoambiwa kuwa ni "magaga tu" ya miguu, ilhali nyayo zao zina mpaka mkali na viganja vina hali hiyohiyo, wanapaswa kuomba kuchunguzwa tena.

Kichwani na kwenye mikunjo

Kwenye kichwa wagombea ni watatu. Mba huleta magamba membamba yenye mafuta, ya manjano kidogo, na haikai kichwani peke yake: hushuka kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani, ambako kwenye ngozi nyeusi huacha mabaka yaliyofifia. Soriasisi ya kichwa ni nene, kavu, inashikika kwa kidole kama kipande cha lipu kilichobakia ukutani, na alama yake kubwa ni kwamba huvuka mstari wa nywele na kutokeza kwenye paji la uso, kisogoni au nyuma ya sikio kwa sentimita moja au mbili. Mapunye ni ya watoto zaidi. Nywele hukatika karibu na ngozi na kuacha upara wenye vidoti, na tezi za shingo kwa nyuma huvimba. Mtoto mwenye magamba kichwani pamoja na nywele zilizokatika atibiwe kwanza kwa kuchukuliwa kuwa ana mapunye mpaka kipimo kioneshe vingine, na ajulikane kuwa krimu ya kupaka peke yake haiponyi mapunye, kwani fangasi wamo ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa.

Chini ya matiti, kwapani, kinenani na kati ya makalio soriasisi hupoteza alama yake kuu, kwa sababu jasho huyaondoa magamba. Baka hubaki laini, linalong'aa, lenye mpaka mkali. Kandida, fangasi wa aina nyingine, hupenda mahali palepale lakini huzungukwa na vipele vidogo vilivyotawanyika nje ya baka. Choa cha kinena kina ukingo ulioinuka na kwa kawaida huacha korodani salama. Mahali hapa sishauri mtu ajiamulie kwa macho yake.

Madoadoa yaliyotapakaa

Mtoto au kijana aliyeumwa koo kwa bakteria, kisha wiki mbili tatu baadaye akatokwa na madoadoa madogo mengi kama matone ya mvua kifuani na mgongoni, huenda amepata soriasisi ya matone. Kwa wengi huondoka yenyewe baada ya miezi michache. Kwa baadhi huwa ndio mwanzo wa soriasisi ya kudumu. Inafanana na pitiriasisi rozea, ambayo hutanguliwa na baka moja kubwa siku kadhaa kabla ya mengine, hupangika mgongoni kama matawi ya msonobari, na huisha yenyewe kwa wiki 6 hadi 8.

Zote mbili hufanana na kaswende ya hatua ya pili, na hapa nasisitiza. Madoadoa ya kaswende mara nyingi hayawashi, na hupenda viganja na nyayo. Kidonda kisichouma kilichotangulia sehemu za siri huenda kilipona chenyewe bila kutazamwa. Kipimo chake ni cha damu, hupatikana hadi vituo vidogo, na ugonjwa hupona kwa penisilini. Mtu mzima mwenye madoadoa mapya yaliyotapakaa mwilini asitoke kituoni bila kipimo hicho, awe na ndoa, awe na heshima gani. Pamoja nacho apime VVU, kwani soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali kwa mtu ambaye hakuwa nayo, au mba isiyo ya kawaida, huweza kuwa tangazo la kwanza la virusi hivyo.

Ukoma nao uliwahi kuunganishwa na soriasisi kwa karne nyingi. Daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna ndiye aliyeyatenganisha magonjwa haya mawili rasmi mwaka 1841, na ni machungu kufikiri ni watu wangapi kabla yake walifukuzwa vijijini kwa sababu ya magamba yasiyomdhuru jirani. Tofauti yao inaweza kupimwa kwa uzi wa pamba. Baka la ukoma huwa limefifia au lina wekundu wa shaba, na ukiligusa kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hahisi, au huhisi kidogo kuliko ngozi ya jirani. Baka la soriasisi huhisi vizuri, mara nyingi kupita kiasi. Baka lenye ganzi lipelekwe kituo cha afya wiki hiyohiyo. Dawa za ukoma hutolewa bure, na zikianza mapema huokoa neva za mikono na miguu.

Kucha na viungo

Hapa ndipo ningependa kila mtu aangalie, na ndipo karibu hakuna anayeangalia. Choa cha kiwiko hakitoboi kucha. Soriasisi hufanya hivyo kwa wagonjwa wengi: vishimo vidogo juu ya ukucha, doa la manjano lililo kama tone la mafuta ya kupikia chini yake, ukucha kunyanyuka kutoka kwenye nyama, au unga mzito kujazana chini. Fangasi wa kucha hupenda zaidi vidole vya miguu, huanzia nchani au pembeni mwa ukucha mmoja au miwili, huufanya mnene na wa kumeng'enyeka, wala hawaachi vishimo vya subana. Ukurutu wa vidole unaweza kuacha mabonde kwenye ukucha, lakini huwa makubwa na yasiyo na mpangilio, na ngozi inayouzunguka ukucha huwa imeumia waziwazi.

Hadi wagonjwa 3 kati ya 10 wa soriasisi hupata ugonjwa wa viungo. Huanza kwa kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, maumivu ya kisigino, au kidole kizima kuvimba kuanzia shina hadi ncha. Wengi huambiwa ni baridi yabisi na kupewa dawa za maumivu tu. Baridi yabisi mara nyingi hushika viungo vilevile vya mikono yote miwili na kuacha kiungo cha mwisho karibu na ukucha. Soriasisi huweza kushika upande mmoja, na hukipenda kiungo hicho cha mwisho. Kiungo kilichoharibika hakirudi. Mwenye mabaka, kucha zenye vishimo na asubuhi za kukakamaa anahitaji daktari kuliko anavyohitaji krimu yoyote.

Uende wapi

Ikiwa una duara moja au mawili, yenye ukingo ulioinuka na katikati iliyofifia, yaliyoanza wiki chache zilizopita, na nyumbani kuna mtoto au mnyama mwenye dalili kama hizo, duka la dawa linatosha: nunua dawa ya fangasi isiyochanganywa, soma maandishi ya boksi mwenyewe, na ukiona jina la betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi, lirudishe. Ikiwa mabaka ni ya pande zote mbili, yamekaa miezi, yana magamba mazito, au yamegoma baada ya wiki nne, nenda zahanati au kituo cha afya na useme wazi kwamba unahofia soriasisi. Bila neno hilo huenda usifikiriwe. Taja pia dawa unazomeza, kwa sababu lithiamu, propranololi na baadhi ya dawa za jamii ya klorokwini huweza kuichochea. Ikiwa ni viganja, sehemu za siri, kucha au viungo, omba rufaa. Madaktari wa ngozi ni wachache, lakini wapo pia maofisa tabibu waliobobea katika ngozi, kwa kuwa kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha watu wa nchi mbalimbali za Afrika tangu mwaka 1992, na baadhi yao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya.

Hali mbili hazingoji kliniki ya wiki ijayo: ngozi ya karibu mwili mzima kuwaka na kubanduka huku mtu akitetemeka kwa baridi, na vipele vya usaha vilivyoenea pamoja na homa. Mwili uliopoteza ngozi hupoteza maji na joto, na mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya kwenda kuchunguzwa, acha kupaka mafuta. Najua namna tulivyolelewa, kwamba hutoki nyumbani ngozi ikiwa imepauka, lakini mafuta huyafuta magamba machoni pa mchunguzi kwa saa kadhaa, na bila magamba soriasisi hufanana na chochote. Ondoa rangi ya kucha, za mikono na za miguu. Vaa nguo inayovulika, maana kiuno na kisogo vitatazamwa hata kama ulikuja kwa ajili ya kiwiko. Kama una picha ya baka uliyoipiga kabla ya dawa yoyote, beba. Kisha chukua mfuko, tia ndani kila tyubu uliyowahi kupaka, hata ile iliyokamuliwa ikaisha na ile uliyopewa na jirani isiyo na boksi, umwage vyote mezani mbele ya mtaalamu kabla hujamwonesha mkono.